Jiko la Uani la Mzee Mageti

Tangu tumzike dada yangu, mumewe alibaki na neno moja tu kinywani: sawa. Ukimwambia chakula kiko mezani, sawa. Ukimwambia mvua imeingia dirishani na godoro limelowa, sawa. Siku moja nilimpelekea maharage yasiyo na chumvi hata chembe, makusudi, nione kama atanisema, maana huyu mtu enzi zake akikosa ndimu mezani alikuwa anaitisha kikao. Alikula akamaliza, akasukuma sahani, akasema sawa. Kesho yake nikatia chumvi mpaka mimi mwenyewe nikaogopa kuonja. Akala, akanywa maji, akasema sawa. Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya cherehani yangu nikalia, kwa sababu ningefurahi zaidi kama angenitupia ile sahani.

Mtaani wanamwita Mzee Mageti. Mimi namwita shemeji, na kwa kuwa shemeji ni wa kutaniwa, nimemtania tangu siku alipokuja kwetu kuposa, suruali yake nadhifu kabisa lakini imetobolewa na cheche mapajani. Ni fundi wa kuchomelea. Alianza kwa kuwashikia vyuma mafundi wengine, akaishia na karakana yake mwenyewe kando ya barabara, na sauti iliyokwaruzika kwa sababu ya kushindana na kelele za grenda. Kuna geti alilolitia tausi, kuna lenye mishale, na kuna la mwalimu mkuu lenye jua linalochomoza, ambalo watoto wa mtaa wote wanasema ni yai la kukaanga. Ukitembea naye barabarani hatazami watu, anatazama bawaba.

Lakini kinyozi hajinyoi. Geti la kwake lilikuwa mabati mawili yaliyofungwa kwa waya, na mkewe alipikia ndani, kwenye kijichumba ambacho ukiingia na sufuria lazima wewe utoke kinyumenyume. Dada alitaka jiko la nje. Alisimama uani mikono kiunoni na kuonyesha: hapa meza, hapa moto, hapa wavu wa kuchomea nyama mwanetu akija na wenzake, hapa benchi, wewe utakaa kimya usubiri kuitwa. Shemeji alijibu kila mara, "Nikimaliza kazi za watu." Kazi za watu hazikuisha. Aliyeisha ni dada, asubuhi moja, kwenye korido, ndoo ya maji mkononi.

Daktari alisema ni moyo. Shemeji alimuuliza swali moja tu: "Na moshi?" Daktari akasema moshi hauhusiki. Sijui kama alimsadiki. Hakulia siku ile, wala makaburini, wala watu walipotawanyika na viti vya kukodi vikarudishwa. Wanaume wenzake walimsifu kwamba amejikaza. Mimi sikumsifu. Niliona mtu aliyekufa ganzi mwili mzima, anayetembea kwa mazoea.

Wana mtoto mmoja, binti, mrefu kama baba yake, anafanya kazi maabara katika mji mwingine. Mimi ananiita mama mdogo. Alipokuja kumtazama baba yake alimkuta amevaa soksi mguu mmoja, na kiganjani ana lengelenge kubwa. Alikuwa ameshika chuma cha moto karakanani, na hakujua mpaka binti alipomgeuza mkono akapiga kelele. Shemeji alilitazama lile lengelenge kama limeota kwa mtu mwingine. Hapo hapo binti akakata shauri: baba atahamia kwake, ghorofa ya nne, na nyumba itapangishwa.

"Baba, umenisikia?"

"Sawa."

"Kwa hiyo utakuja?"

"Sawa."

Ulimi hauna mfupa, nami nikaingilia. "Huyu hajakubali. Hata ukimwambia tunamuuza yeye atasema sawa."

"Mama mdogo, unataka nimwache hapa aungue vizuri zaidi?"

Alikuwa na haki. Lakini sikutaka shemeji aondoke, na nitasema kwa nini. Nyumba ile naiona kutoka kwenye cherehani yangu, iko ng'ambo ya njia. Angeondoka yeye, ningeinua macho kila asubuhi nione mapazia ya watu nisiowajua kwenye dirisha la dada yangu, na mimi ningekuwa nafiwa kila siku. Nilitaka abaki. Nilitaka abaki akiwa hai, na dawa ya hilo sikuwa nayo.

Binti akaondoka kutafuta mpangaji. Wiki ileile shemeji akatoka uani na kipande cha chaki, akaanza kuchora chini.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikavuka njia nikiwa na pini mdomoni. Alikuwa amechora mstatili mrefu kando ya ukuta wa nyumba, na mraba ubavuni mwake. Kisha akaokota majani mabichi, akayawasha kwenye kopo, akaliweka kopo ndani ya ule mraba, akarudi nyuma kutazama moshi unaelekea wapi. Moshi ukaenda moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha kulala. Akafuta mraba kwa kiatu, akauchora upande wa pili, akawasha tena. Safari hii moshi ukaruka ukuta ukaenda kwa jirani, ambaye hatuelewani naye, kwa hiyo nikaona pamefaa.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Jiko."

"La nani? Si unahama?"

"Sawa," akasema, akaendelea kuchora.

Mwashi aliyemwita ni yule tunayemwita Fundi Kesho, kwa sababu hiyo ndiyo ahadi yake kwa kila mtu. Cha ajabu kwa shemeji alikuja leo. Alikuja na pima maji yake, kamba, redio inayofungwa kwa mpira, na maneno mengi ambayo hayakujibiwa. Nilikuwa nikishona huku nimegeuza kiti kuelekea kwao. Mteja mmoja gauni lake lilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na nilimwambia ndiyo mtindo.

Lazima niseme ukweli: uso wa shemeji ulikuwa umelala, lakini mikono ilikuwa inajua kazi. Alimkatalia Fundi Kesho kujengea moto kwa saruji. Saruji ikipata joto kila siku inapasuka, alisema, na hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu msiba. Ndani ya jiko wakapanga matofali ya kuchoma, wakayashika kwa udongo wa mfinyanzi, na chini wakaacha mlango wa kutolea majivu. Nguzo za paa hakuzifukia ardhini. Alizisimamisha juu ya vikombe vya zege ili maji ya mvua yasizile kwa chini. Paa la mabati likapandishwa juu, likaachiwa nafasi moshi utoke, na likateremka kuelekea bustanini. Meza ikapewa mwinamo mdogo, ambao macho hayauoni lakini maji yanaujua, yakimwagika yaende kwenye sinki.

Wavu wa kuchomea nyama aliutengeneza mwenyewe karakanani. Alitumia nondo nene tupu. Mtu mmoja alimletea vyuma vilivyopakwa zinki, vinang'aa vizuri, akavirudisha, kwa kuwa vikipata moto vinatoa sumu. Aliuning'iniza kwa minyororo miwili na mpini wa kuzungusha, ukitaka nyama iive polepole unaupandisha, ukiwa na njaa unaushusha. Hata rangi hakupaka. Aliupaka mafuta ya kupikia na kuukaanga motoni mpaka ukawa mweusi tii. Akimaliza kitu hakukitazama. Aliokota kinachofuata.

Siku ya kujenga meza nilikuwa nimewapelekea chai. Fundi Kesho alishika mwiko, akauliza, "Mzee, meza inakuja kimo gani?"

Shemeji hakuchukua futi. Alisimama wima akagusa mkanda wa suruali yake. "Kiwiko kinaishia hapa. Meza iwe chini yake, kiganja kimoja."

Fundi Kesho akanitazama, akamtazama yeye. "Kiwiko cha nani, mzee? Chako kiko juu huko."

"Weka hapo."

Nilimfanyia mwashi ishara kwa macho kwamba asibishane. Niliona ni ganzi inayosema, na kwamba meza fupi si kitu cha kumgombeza mfiwa. Akaweka hapo hapo.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtaani walisema Mzee Mageti anajenga jiko kwa sababu anataka kuoa, na wenye midomo mirefu zaidi walisema mke mwenyewe ni mimi. Nilimfuata mmoja wao mpaka dukani kumwomba arudie kwa sauti, akasahau alichokuwa anasema. Bintiye naye, nilipomweleza kwenye simu, alifurahi. Alisema baba ameanza kuelewa, wapangaji wa siku hizi wanapenda mahali pa kuchomea nyama, nyumba itatoka upesi. Mimi sikuwa na maelezo. Nilijua tu kwamba mtu anayeondoka haweki matofali ya kuchoma.

Vigae vya juu ya meza vilipokauka, shemeji akiwa karakanani, nilienda kulijaribu lile jiko. Nilibeba vitunguu na kisu. Nilikuwa nimejiandaa kuinama, nikalalamike vizuri jioni. Nikasimama mbele ya meza, nikaweka kitunguu, nikaanza kukata, na mabega yangu yakashuka yenyewe. Sikuinama. Sikunyanyua mikono. Meza ilinikaa kama gauni nililojishonea.

Mimi na dada yangu tulivaa nguo moja maisha yetu yote. Mshonaji wake nilikuwa mimi, na mwili wangu ndio niliojaribishia nguo zake, hatukuwa na tofauti hata ya pindo. Nikakiacha kisu. Shemeji hakukosea kimo. Hakupima kwa futi kwa sababu alijua mwilini mwake mwenyewe mahali ambapo kiwiko cha mkewe kilimgusa alipokuwa amesimama ubavuni kwake, na alikuwa amemjengea, sasa, jiko lake. Nilikusanya vitunguu vyangu nikatoka upesi. Sikutaka anikute pale na mgongo huu ulio kama wa dada. Nililia njia nzima, na njia yenyewe ni ya kuvuka tu.

Sikumwambia mtu. Hilo halikuwa la kwangu kulisema.

Binti alimleta mpangaji siku ya mapumziko. Alikuwa bwana wa bima, mrefu, mwenye suti na sauti ya kuhesabu. Alipenda vyumba, alipenda maji yanatoka, na alipofika uani alifumbua macho kabisa. Alizungusha mpini wa wavu, ukapanda, ukashuka, akacheka kwa furaha. Kisha akasimama mbele ya meza na kujishika kiuno.

"Hii meza ni ya watoto?"

"Waliojenga wamekosea," binti akasema upesi. "Itainuliwa. Fundi ataongeza kozi mbili za tofali na kuweka vigae vipya. Baba, si ndiyo?"

Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi. "Sawa," akasema.

Nilimtazama usoni nikitafuta kitu, chochote. Hapakuwa na kitu. Nikaona basi, yamekwisha, huyu atapanda lifti kama mzigo, na ile meza itabomolewa naye anatazama. Nilimchukia kidogo wakati ule. Nilikwenda nyumbani nikashona mishono ya hovyo.

Wakakubaliana kwamba bwana wa bima atarudi wiki inayofuata kuona meza inavyoinuliwa, achukue funguo. Binti akaomba ruhusa kazini akabaki kufunga vitu vya baba yake. Alikunja nguo za mama yake pia, akaniletea mimi, kwa kuwa zinanitosha. Shemeji alipitisha maboksi mlangoni, hili sawa, lile sawa.

Fundi Kesho alifika siku hiyo aliyopangiwa, na nikashangaa tena. Alikuwa na nyundo na tindo. Aliwasha redio yake, akapiga magoti mbele ya meza, akatafuta kigae cha kuanzia. Binti alisimama nyuma yake. Mimi nilikuwa mlangoni mwa uani, nimekuja kwa sababu sikuweza kukaa. Tindo ikagusa kigae, nyundo ikainuka.

"Hapana."

Fundi Kesho akasimamisha nyundo hewani. Binti akageuka kuangalia ni nani aliyesema. Shemeji alikuwa ametoka ndani, ameshika boksi la vyombo.

"Baba?"

"Hapana. Hiyo haiguswi."

"Baba, ni fupi. Hata wewe mwenyewe huwezi kupikia hapo, utavunjika mgongo. Na mpangaji anakuja leo."

Shemeji akaweka boksi chini. Akaifikia meza, akasimama mbele yake kama mtu anayetaka kupika, na kweli, alikuwa mbali nayo mno, ilimbidi ajikunje katikati ndipo mikono ifike. Akajinyoosha. Akatazama meza, akatazama miguu yake. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na sululu.

"Mimi ndiye nitashuka," akasema.

Alipiga sakafu mbele ya meza. Ile sakafu ilikuwa mpya kabisa, imesuguliwa ikang'aa, na Fundi Kesho aliipigia yowe kama ni ng'ombe wake anachinjwa. "Mzee! Zege yangu!" Shemeji akapiga tena. Zege ikachanika. Binti alimshika mkono, yeye akautoa mkono wa binti taratibu, akapiga.

"Maji yatatuama humo," Fundi Kesho akasema, akiwa bado hajakubali. "Mvua ikipiga ya upande, utapikia bwawani."

"Weka bomba. Lipite chini, litoke bustanini."

"Na mtu akijikwaa?"

"Tutapaka ukingo rangi."

Nilimwona Fundi Kesho akifikiri. Akaitupa tindo kando, akavua shati, akachukua koleo. Walichimba, mmoja anavunja, mwingine anazoa, kina kama cha ngazi moja, mbele ya meza nzima. Binti alisimama na mikono imening'inia. Alinitazama mimi.

"Mama mdogo, anafanya nini?"

"Anashuka afikie meza ya mama yako," nikamwambia. "Kimo hicho ni cha mama yako. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe leo ngoja nikwambie, tazama."

Akatazama. Akaweka viganja vyake juu ya vigae, akaviacha pale. Hakusema kitu tena kuhusu mpangaji.

Shemeji alipoona kina kimefika aliingia shimoni, akaweka viwiko, akatoka. Hakuridhika. Mtu akiwa ndani hajioni. Akasimama pale nyuma penye mifuko ya saruji iliyobaki, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, akamwambia bintiye, "Wewe ni kimo changu. Ingia nione."

Binti akavua viatu akaingia kwenye udongo. Akaielekea meza, akatugeuzia mgongo.

"Fanya kama unakata kitu."

Akaokota kipande cha kigae, akainamisha kichwa kidogo, akaanza kukata hewa. Mabega yakashuka. Mrefu wa watu, lakini pale alipokuwa amesimama alikuwa ameishia pale pale dada yangu alipokuwa akiishia, na shingo ile ni ya mama yake, na namna ya kuweka mguu mmoja mbele. Niliushika mlango.

Shemeji akaketi juu ya mfuko wa saruji. Kwanza nilidhani amechoka. Kisha ikatoka sauti, mbaya, ya kukwaruza, ya mtu asiye na mazoezi ya jambo hilo, na mdomo wake ukabaki wazi na machozi yakapita kwenye vumbi mpaka kidevuni. Fundi Kesho akazima redio. Binti akasikia, akataka kugeuka amkimbilie baba yake.

"Usigeuke," shemeji akasema. "Kata tu, mama. Kata."

Akakata. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, lakini hakugeuka, na baba yake alilia anamtazama, na hakuna aliyemwambia ajikaze.

Gari likapiga honi nje. Ni bwana wa bima, amefika kwa wakati kama watu wa bima walivyo. Hakuna aliyesogea, kwa hiyo nilijifuta uso kwa upindo wa khanga, nikatoka kwenda kumwambia atafute nyumba nyingine.